Gunia Jeupe Darajani

Jumamosi, 8 Oktoba 1994

Mwanetu Beca amelala, mvua ndiyo imeamka. Mtangazaji wa redio anasema mvua kubwa inakuja kaskazini mwa Wales, kana kwamba huku hatuna madirisha.

Gethin haketi. Chai yake imepoa mezani, yeye yuko dirishani anatazama jiwe. Liko katikati ya kijito, chini kidogo ya daraja, nasi tunaliita Mzee kwa kuwa juu ni jeupe na laini kama upara. Upara wa Mzee ukionekana, Nant Coll ni kijito cha kuoshea viatu vya matope. Upara ukizama, maji yametosha kupitisha kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, na mume wangu si wangu tena mpaka nimwone anarudi.

"Bado kidogo," anasema, kama mtu anayesubiri viazi viive.

Nikamuuliza kwa nini asipende mpira kama wanaume wenzake.

"Mpira umewavunja miguu wangapi, Mared?"

Sikucheka. Kofia yake ngumu imening'inia nyuma ya mlango, na ina mchubuko mrefu kutoka sikio hadi sikio. Ni seng'enge ya baba yangu iliyoichubua Februari iliyopita. Ingeshuka upana wa kiganja, ingekuwa shingo. Mchubuko huo nauona kila ninapochukua koti.

Jumapili, 9 Oktoba

Bibi amenipitia twende kanisani. Hata hodi hakupiga. Nilisahau nepi moja kwenye kamba tangu jana.

"Mared, leo siku gani?"

"Jumapili, Bibi."

"Na hiyo bendera ni ya nchi gani?"

Kaianua mwenyewe, mbichi vilevile, kaikunja pembe kwa pembe, kaniwekea kwenye mkoba wa Beca. Ana miaka themanini na nne, na sijawahi kumwona akipita mbele ya nguo iliyoanikwa Jumapili akaiacha, iwe ya mjukuu wake au ya mke wa mchungaji.

Mchungaji kahubiri juu ya subira. Nilisinzia.

Jumatano, 12 Oktoba

Upara uko nje. Beca anaota jino. Sijalala.

Jumamosi, 22 Oktoba

Mzee alizama kabla hakujapambazuka. Iolo akaja na gari lake, huyo rafiki wa Gethin aliye mrefu kama ngazi, mwoga wa mbwa lakini si wa maji. Wakapakia kayaki, ya manjano ya Gethin na nyekundu ya Iolo, wakapanda mlimani hadi zizi la zamani, ili washuke na maji mpaka hapa darajani.

Kijito chetu hakina ziwa nyuma yake. Kina mvua tu. Ikinyesha kinajaa kabla hujaanua nguo, ikikatika kinanywea. Kwa hiyo wao hukimbilia huko mvua inapokuwa kali kabisa, wakati watu wengine wanafunga milango.

Nikabaki. Nilimenya karoti. Nilikunja nguo, nikazikunjua, nikazikunja tena. Maji yakijaa hivi, mawe hugongana chini kwa chini, na sauti ile siisikii kwa masikio, naisikia kwa tumbo. Beca akilia nashukuru, maana namsikia yeye.

Walirudi wakiwa wazima. Gethin akasimama uani, akaweka kiganja juu ya kofia yake ngumu, akamtazama mtoto dirishani. Ndivyo wanavyoulizana wenyewe kwa wenyewe, kwa kuwa kwenye maji sauti haifiki: uko salama? Na jibu ni lilelile, kiganja kichwani, niko salama. Beca naye akaweka kiganja juu ya nywele zake mbili tatu. Gethin karibu alie kwa furaha.

"Usimfundishe mtoto hayo."

"Ni salamu tu, mama."

"Si salamu. Ni kuulizana nani hajafa."

Akataka kunionyesha na nyingine. Mikono yote miwili ukiinyoosha pembeni, maana yake simama hapo ulipo, usije. Nikampa kisogo. Nikijifunza ishara zao nitakuwa nimekubali. Lakini kwenye kioo cha dirisha nilimwona.

Jumamosi, 5 Novemba

Baba amefunga seng'enge.

Shamba lake liko ng'ambo zote mbili za kijito, na kila majira ya baridi huvusha nyaya kutoka ukingo hadi ukingo, chini tu ya Koo. Koo ni pale kuta za mawe zinapokibana kijito. Mtu wa kayaki akishaingia hana pa kusimama. Anatemwa upande wa pili baada ya kona, na hapohapo ndipo nyaya zilipo. Maji yakiwa madogo zinaning'inia juujuu. Yakijaa zinakaa usawa wa uso wa mtu aliyeketi.

Nilimwekea keki na chai, nikamwanza taratibu.

"Baba, ungeziacha mwaka huu."

"Na kondoo? Maji yakipungua wanashuka kijitoni, wanapita, wanatokea barabarani. Niwaambie waombe ruhusa?"

"Gethin anapita pale."

"Kondoo wangu wana akili kuliko huyo mumeo. Wakiona maji mengi wanakaa juu."

Beca akamtazama babu yake, akaweka kiganja kichwani mwake mwenyewe, anasubiri ajibiwe.

"Hii nini? Nyani anatafuta chawa?"

Akala keki yake yote, akaondoka. Baba si mtu mbaya. Naandika ili nijikumbushe.

Alhamisi, 10 Novemba

Mvua, halafu jua, halafu mvua. Upara unaingia na kutoka, na mimi dirishani kama saa ya ukutani. Gethin anasema atabeba kayaki yake azizunguke nyaya kwa miguu. Nikamuuliza atashuka vipi kama ndani ya Koo hakuna pa kusimama. Akatoka uani mvuani. Kutoka huko sikukupenda.

Jumatatu, 14 Novemba

Baba alikuja asubuhi, kofia mkononi. Hajawahi kuvua kofia mlangoni kwangu.

Nyaya zimekatwa. Maji yalipopungua jana kondoo majike wakapita. Wawili wamegongwa na lori la maziwa barabarani, mmoja kazama chini ya daraja. Huyo aliyezama nilimlea mimi kwa chupa, kando ya jiko hili hili, mwaka nilioolewa.

"Sitaki kusema ni nani," alisema Baba. "Nataka aseme mwenyewe."

Gethin alikuwa amesimama nyuma yangu, kavaa buti za msituni, anakwenda kukata miti. "Ni mimi."

Baba akavaa kofia. "Basi usiniite baba mkwe. Hata makaburini." Akatoka.

Mpaka sasa nilikuwa na hesabu rahisi kichwani: baba mkaidi, mume mwenye haki, mimi katikati. Leo nimeenda kumwona yule kondoo. Sufu imejaa mchanga, jicho moja limefunguka. Nilirudi nikamkuta Gethin amekaa, buti miguuni bado, kazini hakwenda.

"Ungeniambia."

"Ungenikataza."

"Ndiyo maana watu wanaambiana!"

Beca akaanza kulia. Nikamchukua, nikampa mgongo baba yake. Nilikuwa namwogopea yeye. Sasa namwogopa kidogo pia. Mtu anayeweza kushika koleo la kukatia waya gizani, akarudi kitandani, akaweka mkono juu yangu kama kawaida.

Jumatano, 16 Novemba

Upara umezama. Hakwenda. Hatuzungumzi.

Jumamosi, 26 Novemba

Nimewaita wote wawili jikoni kwangu. Baba alikataa, nikamwambia basi mjukuu hataletwa shambani mpaka majani yaote. Akaja.

Walikaa wakitazama meza. Nikasema: "Mimi nimechoka. Sijalala usingizi mzima tangu mtoto azaliwe, na nyinyi mnaniongezea. Baba, nyaya utafunga, kondoo ni chakula chetu. Lakini zikiwa zimefungwa, kuwe na kitu darajani cha kuonekana. Gethin, ukikiona, huendi. Hata kama Iolo anakuita mwoga. Hata kama mvua ni ya mara moja kwa miaka kumi."

"Kitu gani?" akauliza Baba.

"Gunia la sufu. Jeupe lenye herufi nyekundu, linaonekana hata kwenye ukungu. Majike wakiwa malisho ya juu unafungua nyaya, unaondoa gunia. Wakishuka unafunga, unalitundika."

"Na nani atahakikisha huyu hatalipita?"

"Mimi."

Gethin akanitazama. "Nitalitii gunia," akasema. Halafu akamgeukia Baba, akasema anaomba radhi kwa ajili ya wale kondoo. Baba akasema chai imekuwa ya maji. Hiyo kwake ni hatua.

Jumapili, 27 Novemba

Gunia lipo. Mzee amezama. Mume wangu amelala mpaka saa nne na Beca kifuani. Namwomba Mungu anisamehe, nililipenda gunia kuliko mahubiri. Bibi leo kabaki nyumbani, kifua kinambana.

Ijumaa, 9 Desemba

Gunia halipo. Walienda, wamerudi. Karoti nyingi zimemenywa.

Jumapili, 25 Desemba

Bata mzinga kwa Baba. Gethin na Baba wamezungumza juu ya msumeno. Msumeno tu.

Jumanne, 17 Januari 1995

Theluji imeyeyuka juu, mvua juu yake. Mlio wa mawe usiku kucha. Gunia lipo, nikalala.

Jumamosi, 28 Januari

Bibi kapona kifua. Anasema kesho kutwa hata theluji haitamzuia kwenda kanisani. Nimemwambia kesho kutwa ni Jumatatu. Kanikodolea macho kama mimi ndiye niliyepanga siku za wiki.

Jumapili, 5 Februari

Nisipoandika leo sitaandika tena.

Nilitoka nyumbani bila hofu. Hilo ndilo linaloniumiza. Mvua ilinyesha tangu jana mchana, Mzee alikuwa amezama muda mrefu, na kijito kilikuwa kinapita rangi ya udongo. Lakini gunia lilikuwepo, nimeliona kwa macho yangu, limelowa, herufi zake nyekundu zimesimama. Gethin akajifunika shuka. "Gunia lipo. Nalala mpaka mrudi." Baba akatupitia kwa gari, mimi na Beca. Bibi hapandi gari kwenda kanisani. Anasema miguu alipewa kwa safari hiyo.

Alichelewa. Aliingia katikati ya wimbo wa kwanza, koti linadondosha maji, kabana kitu cheupe kwapani, kimekunjwa pembe kwa pembe. Benchi la baridi, akakitandika, akakikalia. Mimi nilikuwa nyuma yake na jiko la kanisa lilikuwa la moto, Beca anachezea utepe wa kofia yangu. Nikaanza kusinzia.

Wimbo wa pili tukasimama. Bibi naye akasimama. Na pale benchini, chini ya mahali alipokuwa amekaa, nikasoma herufi nyekundu.

Nikainama sikioni kwake. "Bibi, hilo umelitoa wapi?"

Bibi hajui kunong'ona. "Darajani! Mtu kaanika Jumapili, tena njia ya kanisa. Nimelianua. Kesho nitamtafuta mwenyewe."

Hakuwepo jikoni siku ile tuliyokubaliana. Hakuna aliyemwambia. Hata mimi, ninayejua alivyoianua nepi yangu, sikuwaza.

Nikamtia Beca mikononi mwake. Baba alikuwa mbele, na waimbaji wa sauti nene. Nikapita katikati ya watu nikamvuta mkono wa koti. "Gunia limeanuliwa. Bibi kalianua." Wimbo ukakatika kinywani mwake. Baba hajawahi kutoka kanisani kabla ya baraka. Aliacha kitabu chake kimefunguka benchini.

Nyumbani, kayaki ya manjano haikuwepo ukutani. Kikombe cha chai mezani bado kilikuwa na joto. Nilikishika hicho kikombe kama mtu anavyoshika mkono wa mtu. Najua ilivyokuwa: Iolo kapita darajani, hakuona gunia, kamwamsha. Gethin kachungulia mwenyewe, hakuona kitu. Alitii kama alivyoahidi.

"Watakuwa zizini tayari," nikasema.

Baba akatoa koleo chini ya kiti cha gari. "Mimi kwenye nyaya. Wewe nenda juu ya Koo."

"Baba, hujui kuogelea."

"Nani kakwambia nakwenda kuogelea?"

Nilikimbia na viatu vya kanisani. Nilianguka, nikainuka. Kuna jiwe pana juu ya Koo, mahali pa mwisho wanapoweza kusimama. Nikapanda, nikanyoosha mikono yote miwili pembeni kabla hata sijaona mtu, kwa kuogopa kuchelewa kunyoosha. Maji yaliingia kwenye mikono ya koti yakatokea kiunoni. Chini yangu kijito kilikuwa kinanguruma hata meno yangu yalitikisika. Sikuomba. Nilisema tu, niangalie, niangalie, niangalie.

Nyekundu ilitokea kwanza. Iolo akaniona, mwanamke kavaa kofia ya kanisani kasimama kama sanamu ya kutishia ndege, na nikaona anataka kucheka. Lakini mikono ni mikono. Akageuza, akajibanza kwenye maji yaliyotulia nyuma ya jiwe.

Ya manjano ikaja kasi, iko tayari katikati, pua inaelekea Koo. Gethin alimtazama Iolo, hakunitazama mimi. Nikapiga kelele ambazo hata mwenyewe sikuzisikia. Ndipo akainua macho. Akachimba kasia kwa nguvu zote, mkia wa kayaki ukavutwa kuelekea Koo, ukazunguka, na yeye akaachia kasia kwa mkono mmoja akashika mzizi wa mti ukingoni. Mzizi ulishika.

Akapanda kwa magoti. Uso wake ulikuwa umepauka. "Beca?"

"Beca yuko kwa Bibi. Nyaya zipo. Bibi kaanua gunia."

"Kaanua?"

"Jumapili, Gethin! Kaona nguo!"

Iolo akacheka, kile kicheko cha mtu asiye na nguvu. Nikasema, "Baba yuko kwenye nyaya," na nilipoyasema ndipo nikaelewa nilichosema. Tukakimbia.

Alikuwa ndani ya maji. Alikata waya wa juu, ukajipinda ukamrudia, miiba ikaingia kwenye mkono wa koti lake la Jumapili, ukamvuta kutoka ukingoni. Maji yalimsukuma, waya ukamzuia. Kichwa kinazama, kinatoka. Kofia imekwenda. Koleo bado lilikuwa mkononi, na alikuwa analipeleka kwenye waya wa pili. Mjinga yule. Alikuwa bado anawakatia njia.

Gethin akafungua kamba ya kuokolea kiunoni, akaifunga mgongoni mwa koti lake la kuelea, akatutupia ncha. "Kaeni chini. Msiachie." Hakuniuliza kama naweza. Nilikaa matopeni na Iolo mbele yangu, miguu tumeikita kwenye shina, kamba ikazunguka kiuno changu. Gethin akaruka. Kamba ikakaza, nikahisi uzito wa mume wangu na uzito wa maji kwa pamoja, na nilijua nikiachia hata kidole kimoja, basi.

Walikuwa wameshikana kule. Sikuona ni nani anamshika nani. Gethin alichukua koleo. Waya ukakatika, nikaona unavyoruka, na Baba akaenda na maji.

Tukamvuta Gethin mpaka upande wetu. Baba hatukumwona. Kisha Iolo akanyoosha kidole: chini kabisa, ng'ambo, kwenye kokoto, kitu cheusi kinatambaa. Kikakaa. Alikuwa amekaa, mkono mmoja umelegea, upara wake uko nje mvuani.

Niliita. Ngurumo ile haipitishi jina la mtu. Gethin akasimama ukingoni, akaweka kiganja juu ya kofia yake ngumu, akangoja.

Baba alimtazama. Alimtazama muda mrefu hata nikaogopa akili imemtoka. Halafu akainua mkono wa pili, una damu mpaka kwenye kiwiko, akauweka juu ya kichwa chake kitupu. Akauacha hapohapo.

Jumatatu, 6 Februari

Baba yuko hospitali, kavunjika mbavu mbili na kifundo cha mkono. Nyuzi nyingi. Anawasumbua wauguzi juu ya kondoo.

Nilidhani Bibi hataambiwa. Kaambiwa na kila mtu. Leo amelifua gunia kwa mikono yake, akalianika darajani, akakaa kwenye kiti kando yake mpaka likauke. Sikumkemea. Nilimpelekea chai, nikamwambia ni mimi nilipaswa kumwambia. "Ndiyo," akasema. "Ulipaswa." Akanipisha kitini, tukakaa zamu.

Jumatano, 22 Februari

Gunia lipo. Hata kama lisingekuwepo, kayaki isingeshushwa ukutani. Mimi sikumkataza.

Jumamosi, 11 Machi

Wana-kondoo kila mahali, wawili kando ya jiko langu. Beca anawawekea kiganja kichwani mwake na hawamjibu.

Seng'enge ya Koo haipo tena. Baba na Gethin wametundika mbao, kila moja imening'inia peke yake kwenye kamba ya chuma. Kondoo akija anaona ukuta, maji yakija zinainuka na kumpisha mtu. Waligombana siku tatu juu ya urefu wa mbao. "We mkata miti hujui mbao!" "Na wewe mfuga kondoo huzijui?" Sijawahi kusikia ugomvi mtamu hivyo.

Tangu alfajiri mvua. Upara umezama. Gethin aliishusha kayaki, akasimama nayo mlangoni, akanitazama. Nilimfungia koti la kuelea mwenyewe, kila mkanda, nikavuta mpaka akaguna. Nikamwambia arudi kula.

Sasa naandika nimesimama dirishani. Mawe yameanza kugongana. Baba amekuja, mkono bado umefungwa, akasema anatafuta jike aliyepotea. Darajani hakuna jike. Amesimama palepale mvuani, anatazama juu ya kijito, na mfuko wa koti umeinama kwa uzito wa koleo. Nimemfungulia dirisha.

"Baba, ingia, utaugua!"

"Kwa kawaida huwa wanachukua muda gani?"

"Mpaka warudi."

Akatikisa kichwa, akapandisha kola, hakuingia. Nimemvika Beca buti. Tunatoka kusimama naye.